Elfu 40 ya kuambiwa "siyo ndege ya kwanza"

Jumamosi ya juzi mteja mmoja alitoka dukani kwetu hapa Mwanza, tunaposoma bahasha na stempu za zamani, amenuna mpaka akasahau mwavuli wake kwenye kiti, bado upo, aje auchukue. Jioni yake rafiki akanitumia skrinshoti ya status yake, hakututaja jina ila mtu yeyote wa Makoroboi anajua ni sisi, ameandika kwamba siku hizi mjini kuna watu wanakula elfu 40 yako ili wakwambie bahasha ya babu yako haina maana. Sikumjibu kule. Najibu hapa kwa utulivu, maana siyo yeye peke yake, haupiti mwezi sijabishana na mtu pale kaunta kwa swali hilohilo: "sasa kama haina hela, hela yangu umechukulia nini?"

Nimwombe radhi kwa jambo moja tu, siku ile kulikuwa na watu wengi na nilimwelezea nimesimama, harakaharaka, huku najibu simu. Mengine yote sirudi nyuma.

Iko hivi. Ukileta bahasha ya zamani hapa sisi tunaisoma. Siyo barua ya ndani, barua mara nyingi haipo na ikiwepo ni mambo ya familia yenu, hatuigusi mpaka useme. Tunasoma bahasha yenyewe: imetoka posta gani, tarehe ipi, ilipanda ndege au meli au treni au vyote vitatu, ililala wapi, nani aliifungua njiani, nauli iliyolipwa ilitosha au haikutosha, na je hizo stempu ni zake tangu mwanzo au kuna mjanja kazibandika mwaka jana. Kuangalia pale pale kaunta, dakika kumi na tano, ni elfu 10. Ripoti kamili ya kurasa mbili na picha za skana mbele na nyuma ni elfu 40, inachukua siku nne mpaka wiki. Bei haipandi nikikuta una mali wala haishuki nikikuta huna. Ukienda kupima malaria ukakutwa huna, unadai chenji?

Sasa bahasha yenyewe. Kaka huyu katoka nayo Sengerema, siku hizi daraja limefunguliwa wateja wa upande ule wamekuwa wengi, kaifunga kwenye gazeti ndani ya daftari kubwa, hapo kafanya vizuri sana na nilimsifia. Babu yake alikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa ananunua pamba enzi hizo, tajiri alipoondoka makaratasi ya ofisi yakabaki kwa karani kwenye sanduku la bati, na kwenye sanduku ikabaki na hadithi: kwamba kuna barua mle ndani ilikuja na ndege ya kwanza kabisa kutoka London mpaka Mwanza mwaka 1931.

Hadithi hizi mnaniletea kila siku na sizicheki, zina mzizi. Kweli kabisa tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, walianzisha safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika na mwisho wa njia ulikuwa hapa hapa. Siyo Nairobi, siyo Dar, Mwanza! Ndege za kutua majini zilikuwa zinashuka kwa kufuata Nile, Khartoum, Juba, zinaingia Kisumu, halafu zinamalizia ziwani kwetu. Mwezi Machi mwaka ule barua za London zikaanza kufika. Ila raha haikudumu, Januari 1932 njia ikarefushwa mpaka Cape Town na kutoka Kisumu ndege zikawa zinakata kwenda Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, sisi tukaachwa pembeni tukiangalia. Yaani Mwanza ilikuwa kituo cha mwisho cha ndege ya London kwa muda usiofika mwaka mmoja, basi, na ndani ya huo muda mfupi inaonekana kila babu wa kanda hii alipokea barua.

Bahasha ya huyu kaka niliijua siyo ya 1931 kabla hata hajavuta kiti. Mfalme wa Uingereza wa 1931, George wa tano, alikuwa na ndevu. Kwenye stempu za bahasha hii kuna mfalme aliyenyolewa safi, huyo ni mwanae, George wa sita, na stempu zake zimeanza kutoka 1937. Hakuna haja ya lenzi hapo. Ningeweza kumwambia hivyo, nikachukua elfu 10 yangu, tukaagana. Na nilimwambia jamani! Yeye ndiye akasema hapana mzee, andika ripoti nzima, kuna mnunuzi nataka nimuonyeshe. Sawa, ripoti nzima.

Kwa hiyo nikakaa nayo jioni tatu. Mbele na nyuma kuna mistari ya bluu imekatizana msalaba, hiyo ni rejista, yaani barua iliyosajiliwa posta, na rejista ndiyo bahasha tamu kuliko zote kwetu sisi maana kila ilipofika ilipokelewa kwa kuandikwa, na mara nyingi ikagongwa muhuri nyuma. Mbele muhuri wa London wa umbo la yai, wino umefifia, siku na mwezi unaona vizuri, tarehe 10 Oktoba, mwaka ukabaki kama kivuli. Nikauzungusha chini ya taa ya pembeni, maana muhuri hata ukifutika wino mara nyingine karatasi bado ina mbonyeo wa chuma, na hapo ukatoka: 40. Nyuma Kisumu 27 Desemba. Chini yake Mwanza 30 Desemba.

Hesabu mwenyewe. Oktoba 10 mpaka Desemba 30 ni siku 81. Bahasha ina kikaratasi cha bluu cha kuonyesha ni barua ya ndege, imelipiwa nauli ya ndege, na imekaa njiani wiki kumi na moja na ushee, wakati kabla ya vita ndege za kutoka Southampton zilikuwa zinafika Kisumu ndani ya wiki moja. Mtu wa haraka angesema ilipotea. Haikupotea. Juni 1940 Italia iliingia vitani na Mediterania ikafungwa kwa ndege za Waingereza, ndege za majini zikabaki huku kusini zikifanya njia iliyoitwa kiatu cha farasi, kutoka Durban zinapanda pwani mpaka Dar na Mombasa, zinaingia Kisumu, Khartoum, Cairo, halafu zinageuka kuelekea India mpaka Sydney. Ukichora kwenye ramani ni kiatu cha farasi kweli. Barua ya Uingereza kuja kwetu ikawa inapanda meli, inazunguka Afrika yote kupitia chini mpaka Durban, ndipo inapanda ndege. Kwa hiyo bahasha ya babu ilipitia baharini wakati nyambizi za Wajerumani zinawinda meli, ikapanda ndege Durban, ikashukia Kisumu, na hizo siku tatu kati ya Kisumu na Mwanza ni meli ya ziwani, enzi za kina Usoga na Rusinga. (Hata MV Victoria yetu ilipoanza 1961 iliitwa RMS Victoria, ile R na ile M ni za kubeba barua za malkia, vijana wanapiga nayo selfi hawajui.)

Pembeni kushoto kuna kikaratasi kirefu kimefunika mkato, kimeandikwa kwamba imefunguliwa na mkaguzi, na namba ya huyo mkaguzi. Hicho ni cha vita, kila barua ilikuwa inaweza kufunguliwa ikasomwa. Kona ya juu ya kikaratasi imeinuliwa na kuchanika. Nikamuuliza kaka, hapa vipi? Akasema mpwa wake alidhani ni selotepu ya zamani ya babu, akaanza kuibandua ili bahasha ipendeze.

Na nyuma kabisa, chini ya muhuri wa Mwanza, kuna maandishi madogo ya penseli, kwamba imejibiwa tarehe 2 Januari. Kaka alikuja na ufutio mfukoni, nakwambia ukweli, alitaka nimwonyeshe namna ya kufuta zile penseli bila kuchafua. Nikamuuliza aliyejibu barua za tajiri alikuwa nani. Akanyamaza. Akaivuta karibu na dirisha akaangalia sana, akasema hii R ni ya babu, ndivyo alivyokuwa anaandika jina la mama kwenye Biblia.

Halafu akauliza, kwa hiyo shilingi ngapi?

Nikamwambia ukweli, kwa wakusanyaji bahasha ya vita ya namna hii inaweza kukupa hela ya viatu vizuri, haikupi pikipiki. Hapo ndipo mwavuli ulipobaki.

Mimi nasemaga hivi, unalipia kusomewa, hulipii habari njema. Mwingine angekwambia "ndiyo hii ni ya 1931 boss, ina thamani kubwa", akachukua elfu 40 hiyohiyo na ukatoka unacheka, kisha ukaenda kwa mnunuzi anayejua ukaaibika mbele yake, na jina la Mwanza nzima likaharibika, maana wanunuzi wa vitu hivi siyo wengi na wanaambiana.

Halafu kuna hili la bei, mnaniambiaga "si unaangalia tu na lenzi?" Taa yangu ya miale, ile ya UV, niliiagiza, katalogi za stempu ninanunua zilizotumika na bado zinanigharimu ushuru na usafiri kuliko bei yake, karatasi isiyo na asidi ya kuhifadhia haiuzwi hapa mtaani, na umeme ukikatika skana inasimama na mimi nasimama nayo. Jioni tatu. Fundi simu akikubadilishia kioo dakika ishirini unamlipa elfu 60 bila kuuliza alikuwa anaangalia nini.

Lakini siyo bei inayoniumiza, ni njia za mkato. Mtu anakwepa elfu 10 ya kaunta anaharibu kitu ambacho hata kwa milioni sikirudishi.

Mwaka juzi walikuja dada wawili kutoka Nyakato, wapole, wamebeba bahasha ndogo ya plastiki, ndani kuna stempu tatu zimekatwa na mkasi vizuri kabisa, pembe zimenyooka. Mfalme mwenye ndevu. Walikuwa wameona kwenye simu kwamba stempu za zamani zinauzwa, na mtu wa kikundi fulani akawaambia wakate wazipige picha moja moja. Stempu zenyewe ni za kawaida sana za Uingereza, zilichapwa kwa mamilioni, bei yake haizidi hata ya soda. Nikawauliza bahasha iko wapi. Dada mkubwa akasema ipo, ila si imetoboka? Nikawaomba wairudie, Mungu saidia walikuwa hawajaitupa, kesho yake wakaileta.

Nikaiweka mezani nikazirudisha zile stempu kwenye tundu lake kama mtoto anapanga picha. Muhuri wa London, nusu kwenye stempu nusu kwenye bahasha, ukaungana. Februari 1931. Nikageuza nyuma. Sasa sikilizeni, ukikata mbele unakata na nyuma, mkasi unapita karatasi zote mbili! Nyuma pale pale penye tundu ndipo posta ya Mwanza walipogonga muhuri wa kupokea. Limebaki duara nusu, herufi tatu za mwisho za jina la mji na chini yake 31. Siku na mwezi vimeondoka na mkasi, vilikuwa kwenye kipande cha nyuma kilichokatika pamoja na stempu, na stempu moja walishailowesha kwenye maji ya moto kuondoa karatasi. Imetoka safi, nyeupe, haina kitu.

Hiyo ilikuwa ya kweli. Ndiyo ile ambayo kila mtu anasema anayo. Bahasha za safari ile ya kwanza siyo adimu sana huko duniani, wakusanyaji wa Ulaya walijitumia nyingi makusudi ili wapate muhuri, lakini iliyokuja kwa mtu halisi wa hapa, kwa anwani ya hapa, ikakaa hapa miaka yote, nzima, hiyo ningewatafutia mnunuzi wa maana. Niliwachaji elfu 10 ya kaunta, nikaandika kwenye karatasi kile kilichobaki, na dada mdogo akawa analia kimyakimya. Tangu siku hiyo nimebandika mlangoni tangazo USIKATE, na kuna watu wanalisoma huku wameshika mkasi.

Ndugu wa anayelowesha ni anayelamineti. Unaipeleka steshenari, unalipa buku, inatoka inang'aa, umeihifadhi. Hujaihifadhi, umeipika. Ile plastiki inashikana kwa moto na gundi inaingia kwenye nyuzi za karatasi, siwezi kuibandua bila kuondoka na wino, na hata nikiweza hakuna mnunuzi atakayeigusa. Alikuja baba mmoja wa Igoma na bahasha nane za Tanganyika, zote zimelaminetiwa, akaniambia kwa fahari kwamba alimwambia kijana aweke plastiki nene. Sikumchaji. Nilimpa chai.

Wapo wanaopiga pasi kunyoosha mikunjo, wapo waliofuta madoa na jiki, mmoja aliweka juani juu ya bati ikauke, ikakauka kweli, ikawa kama chapati ya jana. Jamani bahasha yenye unyevu iwekwe katikati ya karatasi nyeupe kavu chini ya kitabu kizito, usiku mzima, kesho badilisha karatasi, rudia. Hiyo ni bure, nawapa hapa hapa.

Na madoa yenyewe yana kesi zake. Kuna kijana alinipigia kutoka Igogo ana bahasha yenye doa kubwa la maji, keshasoma mtandaoni kuhusu ile ndege ya Imperial Airways, City of Khartoum, iliyoanguka baharini karibu na Alexandria tarehe 31 Desemba 1935, wakafa watu 12 akapona rubani peke yake, na mifuko ya barua ikaopolewa. Kisa cha kweli. Barua za ajali zinatafutwa sana, tena zenye maji stempu huwa zinabanduka zenyewe. Lakini barua iliyookolewa ajalini kwa kawaida posta waligonga muhuri au wakabandika kikaratasi cha maelezo ili mpokeaji asiwalaumu, na hii ya kijana haikuwa na kitu. Isitoshe ilikuwa imetumwa kutoka Bukoba mwaka 1952. Nikamuuliza kwa upole, paa la nyumba yenu vipi? Akacheka, akasema linavuja chumba cha bibi.

Mwingine wa Geita alinunua kwenye kikundi cha simu, laki tatu na nusu, bahasha ya "1931" eti imekutwa misheni. Nikazima taa ya dukani nikawasha ya miale. Bahasha ikawaka buluu nyeupe kama shati la harusi kwenye disko. Karatasi za zamani haziwaki hivyo, zile dawa za kung'arisha karatasi zimeanza kuenea baada ya vita, miaka ya 1950 huko. Halafu muhuri: muhuri wa kweli unapanda juu ya stempu na kushukia kwenye bahasha bila kukatika, duara moja. Huu ulikuwa unafika ukingoni mwa stempu unakata, upande wa pili wa bahasha hakuna kitu, yaani stempu ilishagongwa kwingine ikahamishwa. Elfu 10 ya kaunta kabla ya kutuma ile laki tatu na nusu, dakika kumi, angelala na hela yake. Alipoanza kugomba nikamwambia mimi sikukuuzia bwana.

Na hicho kikaratasi cha bluu cha ndege msikiamini sana. Tangu Juni 1937 Waingereza walikuwa na mpango wa kupandisha ndege barua zote za kawaida kwenye makoloni mengi, peni moja na nusu kutoka Uingereza, bila kikaratasi chochote, mpaka vita vilipoanza 1939. Kwa hiyo kuna bahasha imeruka haina alama, mtu anaitupa, na kuna bahasha ina kikaratasi kizuri kabisa lakini kimepigwa mistari miwili minene juu yake. Ile mistari siyo uchafu wala mtoto hajachezea. Ni mtu wa posta anasema ndege imeishia hapa, kuanzia hapa inakwenda kwa meli au treni. Nimeona watu wanaifuta hiyo mistari. Wanafuta sentensi nzima.

Stempu zetu wenyewe nazo zinasema. Mtu ananiletea bahasha yenye ile stempu nzuri ya jahazi likiwa ziwa Victoria, imeandikwa Kenya Uganda Tanganyika, anasema ni ya 1931. Tanganyika kabla ya Mei 1935 ilikuwa na stempu zake peke yake, twiga mwanzoni, baadaye mfalme. Hizo za nchi tatu pamoja hazikuwepo. Nikimwambia hivyo anasema lakini bibi alisema. Bibi namheshimu, shikamoo bibi, lakini stempu ilichapwa lini ilichapwa.

Kwa hiyo ukiwa na kitu cha namna hii nyumbani, kiache kilivyo. Usibandue, usikate, usifute hata penseli, usikitoe kwenye bahasha kubwa iliyokuwa imekihifadhi kama ina maandishi, na kama vilikuwa vingi kwenye sanduku moja njoo navyo vyote, bahasha moja inaeleza nyingine, anwani ileile, mwandiko uleule. Huwezi kuja, piga picha mchana karibu na dirisha bila flashi, na piga MBELE NA NYUMA, nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Asilimia kubwa ya picha ninazopokea ni mbele tu, kwa sababu mbele ndiko kuna stempu na rangi. Mbele inaniambia ilikotoka na inakotaka kwenda. Ilikopita kweli iko nyuma. Ile bahasha ya Sengerema bila mgongo wake ningeandika "barua ya ndege ya London, 1940" nikamaliza, Kisumu isingekuwepo, siku 81 zisingekuwepo, na R ya babu isingekuwepo.

Tupo Jumatatu mpaka Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, Ijumaa mchana tunafunga kwa muda wa saa moja na nusu kwa ajili ya swala ya mwenzangu. Bei ndiyo hizo, zipo ukutani, hatupatani.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika haya jana usiku, saa nne simu ikaita mlio wa WhatsApp. Kaka wa Sengerema. Hakuna salamu hakuna nini, picha tu, bahasha nyingine kutoka sanduku lilelile, stempu nne, kikaratasi cha bluu, muhuri unaonekana vizuri sana. Imepigwa mbele tu.

Nimemjibu: "Nyuma, kaka. Na uje na mvua hii uchukue mwavuli."